Siku 7 Ngazidja na Mwali na kamera moja: jiwe jeusi lilivyoninyoosha

Msafiri_Tanga · Jumapili, saa 2:10 usiku

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa lenzi za mtumba niliahidi kwamba nikirudi kutoka Komoro nitaleta mrejesho. Nimerudi, nimelala siku mbili, nimefungua kompyuta: picha 3,412. Nimefuta mpaka kidole kimeota sugu. Za kumwonyesha mtu bila aibu zimebaki kama 60, na za kutundika ukutani hazifiki 15.

Kwa msionijua, mimi napiga harusi hapa Tanga. Likizo ya maana sikuwahi kuchukua kwa miaka mingi. Nilichagua Komoro (Ngazidja ndicho kisiwa chao kikubwa, Mwali ndicho kidogo) kwa sababu ndege kutoka Dar haifikishi saa mbili, viza tulipata uwanjani pale Hahaya, na nilitaka kabla sijazeeka nisimame kwenye mdomo wa volkano iliyo hai. Karthala ipo hapo, mita 2,361, mara ya mwisho ilipolipuka ni 2007. Mwezi Agosti, msimu wa kiangazi chao, upepo wa kusi.

Mzigo: kamera moja, lenzi ya milimita 24-70 (ya eneo pana), ya 50, na 70-200 (ya kuvuta mbali) niliyoazima kwa rafiki (huyu bado hajui yaliyoipata, msimwambie).

Siku ya kwanza Moroni, mji mkuu, uko Ngazidja. Nikashuka jioni kwenye bandari ya zamani, pale penye Msikiti wa Ijumaa wa Badjanani wenye matao meupe, umejengwa 1427. Mji umeangalia magharibi, kwa hiyo jua likizama linaupiga msikiti usoni. Mbele yake maji, majahazi mawili matatu yamelala ubavu, na mwamba wa lava mweusi tii unaingia baharini. Watoto wanaruka kutoka kwenye mwamba. Nikasema leo napumzika, picha zinajipiga zenyewe. Nikapiga zaidi ya 200.

Usiku hotelini nafungua: mwamba umetoka kijivu kama sakafu ya saruji, na msikiti umeungua kwa mwanga, matao yamekuwa karatasi nyeupe. Miaka 11 ya kazi, jamani. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu.

Naendelea kesho, umeme umeanza kuchezacheza.

KombeLaPwani · Jumapili, saa 2:31 usiku

Naweka mkeka hapa, nachukua kahawa na kashata. Mombasa tunasubiri.

Mzee_Darubini · Jumapili, saa 3:05 usiku

Kijana, hilo swali umeshalijibu mara elfu kazini kwako ila hukulitambua. Bwana harusi wa kanzu nyeupe amesimama katikati ya mama zake waliovaa buibui. Unafanyaje? Unapimia mwanga kwenye kanzu, unahakikisha nyuzi zake zinaonekana, halafu unayaacha mabuibui yawe meusi kama yalivyo. Kamera ni mjinga mmoja aliyefundishwa kwamba dunia nzima ni ya kijivu. Ukiielekeza kwenye jiwe jeusi inadhani pana giza, inaongeza mwanga. Ipunguzie wewe, hatua moja (yaani mwanga ubaki nusu), hata moja na nusu.

Ukifika kwenye fukwe nyeupe fanya kinyume chake, maana huko inadhani mwanga umezidi na mchanga unatoka kama jivu la jikoni.

Msafiri_Tanga · Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Mzee shikamoo. Ndiyo hiyo hiyo niliyokuja kuigundua siku ya tatu, baada ya kupoteza siku mbili. Ungekuwa karibu!

Mzee_Darubini · Jumatatu, saa 1:52 asubuhi

Marahaba. Na jambo la pili, buibui lina mikunjo. Ukilipiga mwanga wa mbele huoni kitu, ni shimo tu. Mwanga ukitoka ubavuni ndipo unaona kitambaa kilivyolala. Jiwe la volkano ni vivyo hivyo. Jua likiwa utosini, funga begi ukale.

Msafiri_Tanga · Jumatatu, saa 2:20 usiku

Naendelea. Siku ya pili tulikodi gari kuzunguka kaskazini ya Ngazidja: mimi, dereva, na mzee mmoja tuliyempa lifti. Nilihama kiti cha mbele nikampisha. Akakaa, akaniangalia, akasema "Marahaba." Nikashtuka, maana sijamwamkia na ameshaniitikia! Nikatoa shikamoo harakaharaka kufidia deni. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe kwao marahaba ndiyo asante.

Mitsamiouli tukashuka ufukweni Galawa. Mchanga mweupe, maji rangi ya chupa. Hoteli kubwa iliyokuwepo haipo tena. Nilipiga picha chache nikaishiwa hamu, kwa sababu nilijua ni hapo ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa 1996 ilipoangukia.

Kutoka hapo Lac Salé, Ziwa Chumvi, karibu na Bangoi-Kouni. Ni mdomo wa volkano wa zamani uliojaa maji ya chumvi, uko hatua chache tu kutoka baharini; ukisimama ukingoni unaona ziwa kijani upande mmoja na bahari buluu upande wa pili. Dereva alisimulia kwamba palikuwa na mji, watu wake wakamnyima mgeni maji ya kunywa, ukazama. Lenzi ya 24 haikutosha kuubeba ukingo wote. Nikapiga picha saba nikizungusha kamera nimeisimamisha wima, nikaziunga nyumbani. Hiyo ni mojawapo ya zile za ukutani.

Halafu Ivoini, kwenye ule mgongo wa mawe wanaouita Mgongo wa Joka. Saa 7 mchana. Mzee Darubini ameshasema, nilipaswa kwenda kula.

Jioni tukaingia Chomoni, upande wa mashariki. Hapa ndipo mchanga mweupe na lava nyeusi vinakutana kwenye fremu moja. Saa 10 na kidogo jua likajificha nyuma ya mlima. Nikadhani nimechelewa, kumbe ndiyo bahati yenyewe: kivuli laini, hakuna kinachoungua, nyeusi nyeusi na nyeupe nyeupe. Nilikaa mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Lenzi_Nairobi · Jumatatu, saa 2:58 usiku

Umenigusa hapo Galawa, kaka. Wapiga picha wa kizazi chetu hawajui kwamba Mohamed Amin alikufa kwenye ndege hiyo.

Kwa wasiomjua: mtoto wa Eastleigh, amezaliwa 1943, akakulia Dar, na kampuni yake ya Camerapix aliianzishia Dar 1963 kabla haijahamia Nairobi. Ndiye aliyepiga filamu za njaa ya Ethiopia 1984 zilizoamsha dunia nzima. 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Mtu angestaafu hapo. Yeye akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa akirudi Nairobi kutoka Addis, ndege ikatekwa, watekaji wakitaka wapelekwe Australia, mafuta yakaisha, rubani akaishusha majini mbele ya watalii wa Galawa. Watu 175 ndani, 125 walikufa.

Na ile video inayojulikana ya ndege ikigusa maji ilipigwa na watalii waliokuwa fungate hapo ufukweni. Walidhani ni maonyesho ya ndege.

Bint_Malindi · Jumatatu, saa 3:20 usiku

Mungu awarehemu. Mie nilikuwa mdogo lakini nakumbuka redio ilivyokuwa ikisema.

Msafiri, nakuuliza kitu. Umetaja mawe, ziwa, msikiti. Watu wako wapi? Wiki nzima Ngazija hukumpiga mtu?

Msafiri_Tanga · Jumatatu, saa 3:44 usiku

Dada, umegusa donda. Niliwapiga, nikapigwa na mimi (kwa maneno).

Asubuhi ile ya pili kabla ya safari nilipita soko la Volo Volo. Kuna mama mmoja muuza ndizi na mihogo, uso mzima amepaka ile liwa ya rangi ya manjano, leso nyekundu, nyuma yake ukuta mweusi wa mawe. Nikainua 70-200 kutoka ng'ambo ya barabara kama jasusi. Picha tatu. Ya nne akaniona. Akasimama. Alichosema sikukielewa chote, lakini Kingazija na Kiswahili ni ndugu wa karibu kiasi kwamba unapotukanwa unaelewa. Soko zima likageuka. Nilisimama pale na lenzi nyeupe ndefu mkononi, sina pa kuificha.

NgazijaDar · Jumatatu, saa 4:02 usiku

Hahaha pole sana mwanetu. Mimi baba Mngazija wa Moroni, mama Mzaramo, nimezaliwa Ilala, nakwenda kila mwaka kwenye harusi.

Ile liwa wanaiita msindanu, ni msandali unasagwa kwenye jiwe. Mwanamke akipaka yuko kwenye mapumziko yake na urembo wake, hajajitayarisha kupigwa na mtu asiyemjua. Ni kama mtu aingie saluni Kariakoo apige picha wateja wakiwa na rola kichwani. Tena umekwenda Agosti, msimu wa anda, zile harusi kubwa. Ndugu wametoka Marseille na Paris, kila mtu anapiga picha, na wenyeji wamechoka kujikuta mitandaoni.

Ulimalizaje?

Msafiri_Tanga · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Nilivuka barabara, nikaiweka kamera chini kwenye kirago chake, nikaomba radhi kwa Kiswahili cha bibi yangu. Nikafuta zile picha mbele yake, moja baada ya nyingine. Akaangalia nikifuta. Halafu akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanga. Akasema mjomba wake aliishi Tanga, alikuwa baharia. Nikanunua ndizi ambazo sikuzihitaji.

Jioni ya siku ya mwisho nilirudi. Akaniita mwenyewe: "We wa Tanga!" Safari hii nilikuwa na lenzi ya 50 tu, ambayo lazima usogee karibu mpaka mtu asikie unavyopumua. Akapanga leso, akawaita wenzake wawili, wakaanza kubishana nani akae katikati. Nikapiga. Mwanga wa mawingu, ukuta ule ule mweusi. Nyuso zile zimetoka kama taa.

Niliahidi kuwaletea picha za karatasi. Hapo ndipo nilipokwama, nitaeleza.

KombeLaPwani · Jumatatu, saa 4:40 usiku

Wakubwa mimi nina simu tu. Yote haya ya hatua moja na nusu simu inaweza? Ama nisikanyage Komoro?

Lenzi_Nairobi · Jumatatu, saa 4:51 usiku

Inaweza kaka. Gusa kioo mahali penye mwanga zaidi, povu la bahari au ukuta mweupe, kidole kikae hapo mpaka ifunge, halafu buruta lile jua dogo kushuka chini. Simu za siku hizi zina kiherehere cha kumulika kila giza, usiku wanaufanya alasiri. Wewe ishushe mpaka jiwe liwe jiwe. Halafu futa kioo cha lenzi, simu nyingi tatizo lao ni mafuta ya chapati.

KombeLaPwani · Jumatatu, saa 4:53 usiku

Mafuta ya mahamri, tuheshimiane.

Msafiri_Tanga · Jumanne, saa 1:30 usiku

Haya, mlima.

Siku ya tatu tulianza kupanda kutoka Mvouni saa 12 asubuhi. Mwongoza njia mmoja, mbeba mizigo mmoja, maji lita 12, kwa sababu Ngazidja haina mto hata mmoja wa kudumu. Lava ina matundu kama sponji, mvua inanyesha inazama. Watu wanaishi kwa maji ya mvua kwenye visima vya saruji kando ya nyumba. Mwongozaji alisema Novemba 2005 mlima ulipotema majivu, majivu yaliingia kwenye visima hivyo na watu wakawa na maji yasiyonyweka. Sisi wageni tunapenda kuuliza moto ulifika wapi. Yeye alikuwa akizungumzia maji tu, njia nzima.

Kupanda ni mashamba kwanza, migomba na mivanila, halafu msitu wenye ukungu na miti iliyoota ndevu, halafu vichaka vifupi vifupi, halafu kila kitu kinageuka jivu. Saa 4 asubuhi mawingu yalikuwa yameshaufunga mlima wote. Tukafika pa kulala alasiri, nimeona mgongo wa mwongozaji na viatu vyangu, basi. Picha za siku hiyo zote ni maziwa.

Na hapa ndipo lenzi ya watu ilipopata ajali. Upepo ulipandisha jivu, mimi nikawa nabadilisha lenzi nikiwa nimesimama. Sekunde tano tu! Usiku ule nikazungusha zumu ya ile 70-200, ikalia kama mtu anasaga ulezi.

Mzee_Darubini · Jumanne, saa 1:48 usiku

Hukuipangusa na kitambaa, natumaini.

Msafiri_Tanga · Jumanne, saa 1:55 usiku

Mzee… kioo cha mbele nilipangusa. Kwa fulana.

Mzee_Darubini · Jumanne, saa 2:03 usiku

Inna lillahi. Jivu la volkano si vumbi la barabarani. Ni vipande vya mawe na vioo vilivyosagika, vina makali. Ukipangusa umekwangua. Linapulizwa kwa kile kipulizi cha mpira, lenzi ikiwa imeinamishwa chini ili jivu lidondoke, kisha brashi laini, kitambaa mwisho kabisa. Na huko juu lenzi haibadilishwi. Chagua moja ukiwa chini, funga mfuko wa nailoni kuizunguka, tundu la lenzi likae wazi, maliza nayo.

Msafiri_Tanga · Jumanne, saa 2:30 usiku

Nimejifunza kwa fedha. Imekwaruzika kidogo pembeni, fundi Dar ameifungua akaisafisha ringi, laki na nusu.

Lakini sikilizeni kilichofuata. Usiku baridi kali, nimelala na betri mbili ndani ya soksi kwapani, maana baridi inazinyonya. Saa 10 alfajiri mwongozaji akaniamsha. Nje nyota zimeshuka mpaka unaogopa kuinua kichwa. Nikatembea na 24-70 peke yake. Tukafika ukingoni kukianza kupambazuka.

Wakuu, lile shimo la juu, ile kaldera, lina upana wa kama kilomita 3 kwa 4. Ndani yake kuna shimo jingine, wanaliita Choungou Chahalé, kuta zake zimesimama wima. Hakuna moto wala lava nyekundu, hakuna lolote la kwenye kalenda. Ni jivu jeusi na mvuke kidogo unatoka kwenye nyufa kama sufuria la chai lililosahaulika. Kimya.

Picha za kwanza zilionekana kama shimo la kokoto nyuma ya kiwanda. Hakuna cha kukuonyesha ukubwa. Nikamwomba mwongozaji atembee ukingoni, ana koti jekundu. Akaenda mpaka akawa kama punje ya mchele. Jua likachomoza upande wa kushoto, likagonga jivu ubavuni, na mikunjo yote ikatokea. Mzee, buibui lile lile! Nikashusha hatua moja na theluthi mbili. Dakika 40 hivi. Kisha wingu likapanda kutoka chini polepole, likamfunika yeye kwanza, halafu mlima.

Katika siku saba nilizokuwa visiwani, mlima niliuona dakika hizo 40 tu.

Bint_Malindi · Jumanne, saa 2:47 usiku

Hiyo ya koti jekundu ndiyo uiweke juu ya uzi. Na jina la mwongozaji umeliandika mahali? Siku hizi mtu anakuwa nukta kwenye picha ya mwenzake na hakumbukwi.

Msafiri_Tanga · Jumanne, saa 2:55 usiku

Jina lake ninalo na namba yake ninayo, jukwaani simwagi. Anayetaka kupanda aniandikie pembeni. Picha nimeshamtumia, ameiweka wasifu wake wa WhatsApp.

Lenzi_Nairobi · Jumanne, saa 3:10 usiku

Hizo nyota ulipiga ama uliogopa tu?

Msafiri_Tanga · Jumanne, saa 3:22 usiku

Nilipiga chache, kamera juu ya jiwe kwa sababu stendi niliiacha chini kupunguza mzigo. Milimita 24, sekunde 20. Ukizidisha hapo nyota zinaanza kuwa vijiti. Agosti, saa za mwanzo za usiku, ile njia nyeupe ya nyota inapita karibu utosini, ukilaza kamera chali umeshaipata.

Siku ya tano tukavuka kwenda Mwali kwa boti kutoka Chindini, ncha ya kusini. Kama saa mbili. Upepo wa kusi, mawimbi, kila mtu kalowa. Kamera nilikuwa nimeitia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine ndani ya ndoo yenye mfuniko. Watu walinicheka. Tulipofika, aliyekavu kwenye boti ile alikuwa kamera peke yake.

Mwali ni kingine kabisa. Kidogo, kijani, kina mito, watu wachache. NgazijaDar anisahihishe, lakini nilielezwa kwamba visiwa hivi vinazeeka ukielekea mashariki: Ngazidja ndiye mdogo, bado anatema moto, Maore (Mayotte) ndiye mkubwa, ameshachakaa, amezungukwa na bahari tulivu ndani ya miamba ya matumbawe.

NgazijaDar · Jumanne, saa 3:40 usiku

Sahihi. Ila mkubwa naye hajakata tamaa. 2018 matetemeko yalianza huko Maore mfululizo, na 2019 wanasayansi wakakuta volkano mpya chini ya bahari mashariki yake, imeinuka kama mita 800 kutoka sakafuni. Wameipa jina Fani Maoré. Hiyo hakuna wa kuipiga picha labda gombessa, yule samaki wetu wa kale.

Msafiri_Tanga · Jumatano, saa 1:15 usiku

Itsamia usiku, kobe wa baharini wanapanda kutaga. Kijiji kinawalinda chenyewe na kuna walinzi wanakuongoza. Masharti: hakuna flashi, hakuna taa nyeupe, simu mfukoni, unakaa nyuma yake. Kobe akiona mwanga anageuka kurudi baharini na mayai yake. Sikupiga hata moja usiku ule. Nilikaa kwenye mchanga nikisikia anavyovuta pumzi, kama mzee anapanda ngazi.

Saa 11 na nusu alfajiri nikarudi. Mmoja alikuwa amechelewa, anajikokota kwenda majini, nyuma yake alama kama za trekta. Hapo mlinzi akanikubalia. Nililala kifudifudi mbali naye, lenzi ya 50. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200, chembechembe zimejaa, na sitazisafisha.

Upande wa Nioumachoua kuna visiwa vidogo mbele ya pwani, tukatoka na mtumbwi wa mashine asubuhi. Nyangumi! Mama na mtoto. Nimewapiga picha 300, za maana 2, nyingine zote ni maji yaliyofunga baada ya mkia kuzama. Anayekwenda: kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde, na macho yasibaki kwenye kamera, mwangalie nahodha. Yeye anajua nyangumi atatokea wapi kabla hujajua.

Na lile kosa la watu wote wa pwani, chumba chenye kiyoyozi. Ukitoka nayo nje kioo kinafumba ukungu nusu saa, na ndani ya nusu saa hiyo ndipo jua linachomoza. Mimi usiku niliiacha varandani ndani ya begi.

KombeLaPwani · Jumatano, saa 1:40 usiku

Ikilowa unaitia kwenye mchele, si ndiyo?

Mzee_Darubini · Jumatano, saa 1:44 usiku

La.

Lenzi_Nairobi · Jumatano, saa 1:50 usiku

Mchele una unga, unaingia kwenye viungo vya lenzi. Tumia vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kama ni maji ya chumvi, toa betri usiiwashe, ipanguse na kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, ipeleke kwa fundi. Chumvi ikibaki ndani inaendelea kula chuma.

KombeLaPwani · Jumatano, saa 1:52 usiku

Basi mchele wangu nitaupikia pilau. Asante kwa kuniokolea kilo mbili.

Bint_Malindi · Jumatano, saa 2:05 usiku

Msafiri, ulisema umekwama na picha za wale mama wa Volo Volo. Kwani posta?

Msafiri_Tanga · Jumatano, saa 2:12 usiku

Anwani yao ni "Volo Volo, upande wa ndizi, waulize". Na simu hawakunipa, niliogopa kuomba baada ya yale ya siku ya pili. Nimeshachapa, picha 11, saizi 6 kwa 8, karatasi isiyong'aa. Zipo mezani zinaniangalia.

NgazijaDar · Jumatano, saa 2:20 usiku

Hilo dogo. Akina mama wa biashara wa Moroni wanashuka Kariakoo kila wiki kununua vitenge na vyombo. Kuna mmoja ni shangazi yangu, anarudi Jumamosi, na meza yake iko Volo Volo hapo hapo. Nielezee huyo wa leso nyekundu yukoje.

Msafiri_Tanga · Jumatano, saa 2:26 usiku

Mnene kidogo, pengo la jino la juu, anauza ndizi na mihogo karibu na ukuta mweusi, alikuwa na mjomba baharia Tanga.

NgazijaDar · Jumatano, saa 2:41 usiku

Nimempigia shangazi sasa hivi. Anamjua. Anasema huyo mama amekuwa akiulizia kama "yule wa Tanga" ni mwongo kama wengine.

Bahasha ifike Kariakoo Ijumaa kabla ya saa 9 mchana, nakutumia mahali kwenye inboksi. Andika majina yote matatu nyuma ya kila picha wasije wakagombana.

Msafiri_Tanga · Jumatano, saa 2:44 usiku

Napanda basi la saa 12 asubuhi Ijumaa. Naileta kwa mkono.

KombeLaPwani · Jumatano, saa 2:46 usiku

Ukilowa njiani usiitie kwenye mchele.